Maji Yaingiayo na Maji Yatokayo: Nyumba za Vilimani Kabanga

Kabanga ninayoizungumzia ni ya wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ile yenye hospitali ya misheni, chuo cha ualimu na shule inayopokea watoto wenye ualbino. Si Kabanga ya Ngara, inayotajwa kila mara kwa sababu ya nikeli. Iko kwenye nyanda za juu zinazopakana na Burundi na kuendelea kaskazini hadi Kibondo: nchi ya vilima na mabonde, yenye udongo mwekundu, mita elfu moja na mia kadhaa juu ya usawa wa bahari, na mvua inayoanza Oktoba au Novemba ikaachia Mei. Mtu anayetaka kujua kwa nini bomba lake limepasuka usiku, kwa nini maji yametoka mekundu, kwa nini choo kinagoma kupokea maji mwezi Machi na kwa nini watoto wa jirani wanaharisha kwa zamu, aanze na sura hiyo ya nchi. Huko juu kila kioevu kina mahali kinapotoka na mahali kinapokwenda, na kati ya hapo na pale kuna nyumba ya mtu.

Hoja ninayoishikilia ni kwamba maji safi na majitaka ya nyumba ya kilimani ni jambo moja lenye ncha mbili, nasi tumezoea kugharimia ncha moja tu. Kaya itauza gunia la maharage ili ivute bomba. Mradi utatafuta mfadhili, utajenga tangi na kumwalika mgeni rasmi akate utepe. Kwa maji yatokayo hakuna utepe. Huchimbwa shimo pale palipobaki nafasi, na mteremko huachiwa umalizie kazi. Mteremko nao hauna hiana: hushusha kila kitu hadi kwa aliye chini.

Zamani haikuwa hivi. Waha, wenyeji wa nyanda hizi, walijenga kwa kutawanyika, kaya hapa na kaya kule kwenye migongo ya vilima, migomba imezunguka nyumba, maji yakichotwa chemchemi za bondeni. Kinyesi cha watu wachache katika ekari nyingi hakikuwa tishio kubwa kwa chemchemi. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, na kaya zikapangwa kwa safu kando ya barabara ili shule, zahanati na maji viwafikie kwa urahisi. Mwaka mmoja kabla, 1971, serikali ilikuwa imetangaza mpango wa miaka 20: kufikia 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya elimu ya watu wazima, ikawafikia watu wapatao milioni 2 nchi nzima, na kuchimba choo kukawa sehemu ya ujenzi wa taifa. Ziweke juhudi hizo tatu pamoja. Watu walisogezwa karibu, mashimo ya vyoo yakachimbwa karibu, na maji yaliyoahidiwa hayakufika kwa wakati. Mwaka 1991 ulipita na mita 400 zikabaki kipimo cha sera. Palipokosekana bomba, mtu alichimba kisima kifupi uani, hatua chache kutoka chooni kwake, au kwa jirani aliye juu yake.

Tuanze na maji yanayoingia. Mengi ya mabomba ya nyanda hizi ni ya mserereko. Chemchemi au kijito cha juu hujengewa kidakio, maji huingia kwenye bomba kuu na kushuka yenyewe hadi kwenye tangi na vituo vya kuchotea, bila pampu wala dizeli. Ni mfumo mzuri, na kuuendesha hakuhitaji fedha nyingi, lakini una tabia zake. Kila mita 10 za kushuka huongeza baa moja ya presha. Nyumba iliyo mita 80 chini ya tangi hupata baa 8 majirani wote wakishafunga koki zao, na ndiyo maana viungo huachia saa nane za usiku, si saa nane za mchana wakati kila mtu anachota. Mabomba ya plastiki huuzwa kwa madaraja: PN 6 huvumilia baa 6, PN 10 baa 10, PN 16 baa 16. Duka litakuuzia lolote unaloweza kulilipia, na bomba jembamba la bei rahisi litapita majaribio ya mchana mbele ya macho yako bila shida yoyote.

Fundi akiitwa kwa tatizo hili mara nyingi hufunga geti valvu nusu, akasema presha imepungua. Imepungua maji yanapotembea tu. Koki zote zikifungwa na maji yakatulia, presha hupanda kulekule ilikokuwa, kwa sababu valvu iliyofungwa nusu bado iko wazi. Tiba ya kweli ni mojawapo ya mbili: valvu maalumu ya kupunguza presha, ambayo ni ghali na haipatikani kila duka, au kuyaingiza maji ya bomba kwenye tangi lenye boya, kisha nyumba nzima ilishwe na tangi hilo. Maji yakishamwagika ndani ya tangi, presha ya mlima inaishia hapo. Tangi lililoinuliwa mita 3 linaipa nyumba baa 0.3. Ni ndogo, lakini koki zitatiririka na choo kitajaa, na hakuna kiungo kitakachopasuka. Angalizo pekee ni uzito. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, la lita 5,000 ni tani tano, na mnara wa tofali mbichi uliolowa masika yote hauko tayari kubeba mzigo huo juu ya ua ambamo watoto wanacheza.

Malalamiko mengine ya milimani ni hewa. Maji yakikatika kwa mgao, bomba hujaa hewa; yakirudi, hewa husukumwa mbele, koki zinapiga mluzi na mita inazunguka. Mteja analalamika kwamba analipia upepo, na kwa kiasi fulani analipia kweli. Kazi ya kuitoa hewa ni ya chombo kinachoendesha mradi, kwa kuweka valvu za hewa kwenye vilele vya njia ya bomba. Mwenye nyumba naye anaweza kufunga koki yake kuu maji yanapokatika, akaifungua baada ya muda kidogo tangu yaliporudi, ili hewa ipate pa kutokea penginepo.

Kufunga huko kuna faida nyingine kubwa kuliko ya mita, na hapa ncha mbili za suala letu zinagusana. Bomba lenye maji na presha husukuma nje. Penye ufa, maji hutoka na uchafu hauingii. Bomba lililokatiwa maji mlimani hufanya kinyume. Maji yaliyomo yanaendelea kushuka na kuacha ombwe nyuma yake, na kila ufa hugeuka kuwa mdomo wa kunyonya. Ufa huo ukiwa ndani ya dimbwi, au ndani ya mtaro uleule alimopitisha fundi bomba la choo ili asichimbe mara mbili, mgao unaofuata utaleta mezani kitu ambacho hakikuwepo kwenye chanzo. Kwa hiyo bomba la majitaka lilazwe mbali na la maji safi, na yanapolazimika kupishana, la majitaka lipite chini. Hili haliongezi bei ya vifaa hata shilingi moja. Linaongeza nusu siku ya jembe na sururu, na mafundi wetu hulipwa kwa kazi, si kwa siku.

Masika yakichanganya, maji ya vijito hugeuka rangi. Udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni hutelemka na mvua, na mradi usio na chujio hupeleka matope hayo moja kwa moja hadi kwenye ndoo. Watu wengi hufikiri rangi ndiyo ubaya wenyewe. Udongo kwa kweli hauui. Kazi yake mbaya ni kuwaficha na kuwalinda vijidudu. Dawa ya klorini ikitiwa kwenye maji ya matope humalizikia kwenye matope, na aliyeyanywa anaamini amejikinga. Utaratibu unaofaa ni kuyatuliza kwanza: yakae kwenye ndoo usiku kucha, au yatiwe shabu kidogo na kukorogwa ili tope lishuke upesi, kisha maji ya juu yamiminwe taratibu kupitia kitambaa safi, ndipo dawa itiwe na kuachwa nusu saa. Anayechemsha naye anafanya vyema. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 za Selsiasi badala ya 100, lakini hilo lisimtie mtu wasiwasi; yakitokota kweli kwa dakika moja, vijidudu vya kuhara havibaki. Kikwazo cha kuchemsha ni kuni. Chemsha maji ya kunywa ya watu sita kila siku na utajua kwa nini watu huacha baada ya wiki mbili, wakarudi tena mlipuko unapotangazwa redioni.

Kazi hiyo yote hupotea kwa kata moja. Wataalamu wa afya wamepima mara nyingi, nchi nyingi, wakakuta maji yaliyo safi bombani yamechafuka kabla hayajanywewa, na njia kuu ni mkono unaoingia ndooni pamoja na kikombe. Dumu lenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye mfuniko na koki chini, inafanya kazi kubwa kuliko dawa nyingi. Dumu lililoota utelezi ndani hutiwa changarawe na maji ya sabuni, likatikiswa mpaka litakate.

Mvua inastahili hesabu ya haraka, kwa sababu ndiyo chanzo pekee kisichopita juu ya shamba la mtu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Milimita 1,000 kwa mwaka, nazo nyanda hizi huzifikia na aghalabu kuzizidi, ni lita 48,000, na baada ya kutoa zinazopotea kwa kurukia nje na kusafishia bati unabaki na kama 38,000. Tatizo ni kwamba karibu zote huja katika miezi saba au minane, na kiangazi cha Juni hadi Septemba hakijali hesabu ya mwaka. Tangi dogo halivushi kiangazi. Linachoweza ni kuifanya kaya isitegemee bomba la matope wakati wa masika, yaani wakati uleule maji ya bomba yanapokuwa hatari zaidi. Mvua ya kwanza ya msimu imwagwe. Ina vumbi na kinyesi cha ndege.

Uvujaji wa ndani ya nyumba nitaupitia upesi. Funga koki zote, tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, kuna mahali panavuja. Koki inayodondosha tone kila sekunde hupoteza lita nne au zaidi kwa siku, na mara nyingi inahitaji washa ya bei ndogo tu. Mwizi mkubwa ni tangi la choo cha kuvuta, linaloweza kupitisha mamia ya lita kwa siku bila sauti. Mimina ndani yake kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, usivute kwa nusu saa. Ukiiona rangi kwenye sinki la choo, mpira wa chini umechoka.

Sasa maji yatokayo, na nianze jikoni, kwani huko tatizo la Kigoma lina ladha ya Kigoma. Mawese hayagandi sana kwenye joto la Dar es Salaam, lakini asubuhi ya Kasulu ni ya baridi, na mawese yaliyosukumwa sinkini na maji ya uvuguvugu hutulia kwenye bomba baada ya mita chache tu. Ongeza wanga wa ugali wa muhogo. Ongeza majivu na mchanga wa kusugulia masufuria. Mchanganyiko huo hushikana ndani ya bomba la inchi moja na nusu kama sakafu iliyosakafiwa, na waya hautoboi. Watu hukimbilia kostiki soda, inayochoma macho na mikono, na wakati mwingine hugeuza mafuta kuwa sabuni ngumu palepale. Ningeshauri njia isiyo na ujuzi wowote: sufuria ifutwe kwa karatasi au ganda la mgomba kabla ya kuoshwa, majivu yamwagwe nje, na chini ya sinki kuwe na kiungo kinachofunguka kwa mkono, ndoo iwekwe chini yake kila mwisho wa mwezi. Bora zaidi, maji ya jikoni na ya kufulia yasiende karo kabisa. Yapitishwe kwenye kishimo chenye kokoto, kisha yaende kwenye migomba, ambayo kila ua wa Uha inayo na ambayo haikatai maji. Mboga za majani zisipate maji hayo.

Bomba la choo likiziba, usianze na nguvu. Funua chemba. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele, kuelekea karo. Ikiwa kavu, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba. Uchunguzi huo wa dakika moja huokoa siku nzima ya kubomoa sakafu. Nyumba isiyo na chemba haiwezi kuchunguzwa hivyo, nayo ni nyumba nyingi, kwa sababu chemba huonekana kuwa gharama ya bure mpaka siku inapohitajika. Bomba la inchi nne linahitaji kushuka sentimita mbili hivi kwa kila mita. Mlimani kosa la kawaida si mteremko mdogo. Fundi hulifuatisha bomba uso wa ardhi, likashuka kwa kasi halafu likakunjwa ghafla kwa elbo ya nyuzi 90, na hapo ndipo magunzi ya mahindi, nepi na taulo za kike hukutana. Kila linapopinda pawe na chemba, na lifukiwe kina cha kutosha, maana mvua mbili za Kabanga zinatosha kulifukua.

Harufu ndani ya nyumba isiyo na kizuizi chochote kwa kawaida ni mtego uliokauka. Ule mkunjo wa chini ya sinki au wa sakafu ya bafu hushika maji ya kuzuia hewa ya karo, na chumba cha wageni kisichotumika hukausha yake. Kikombe cha maji kinamaliza kesi.

Nyumba nyingi za Kabanga na vijiji jirani bado zinatumia choo cha shimo, na sioni aibu katika hilo. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri ni salama kuliko choo cha kuvuta kilichojengwa vibaya. Miaka ya 1970 maabara ya utafiti ya Blair huko Zimbabwe, wakati huo bado Rhodesia, ilionyesha kwamba choo cha shimo chenye bomba refu la hewa na wavu juu yake huondoa harufu na nzi kwa pamoja. Upepo unaopita juu ya bomba hufyonza hewa ya shimoni. Nzi hufuata mwanga wa bomba, wakakutana na wavu. Kinachohitajika ni ndani ya choo kuwe na giza kiasi. Nimeona mabomba mengi ya hewa yasiyo na wavu, na mengine yaliyoishia chini ya paa: yamenunuliwa, yamesimikwa na hayafanyi kazi yoyote. Shimo likibakiza nusu mita lijae, lifunikwe udongo, lipandwe mgomba au mpapai, na jipya lichimbwe penginepo, ikiwa penginepo papo.

Pasipokuwapo, watu hutapisha: shimo dogo huchimbwa ubavuni, ukuta ukatobolewa, na cha juu kikahamia. Kazi hiyo hufanywa usiku, mara nyingi mvua ikinyesha ili maji yasaidie. Aliye chini ya mteremko huamka na matokeo yake. Kuhusu kuingia shimoni sina maneno ya upole: mtu asiingie, hata kwa dakika moja, hata kwa kamba. Gesi ya shimo la choo hulevya kwa pumzi chache. Habari za waliokufa wakifuata simu iliyotumbukia zimesikika mara nyingi Afrika Mashariki, na mara nyingi maiti ni mbili, ya pili ya aliyeingia kuokoa.

Choo cha kuvuta kinaleta mambo mapya. Kasulu haina mtandao wa mabomba ya majitaka kama ulioko Dar es Salaam, Mwanza au Arusha. Nyumba yenye choo cha kuvuta inabeba mfumo wake wote uani. Karo hutenganisha: kizito hutuama chini na kuliwa polepole na bakteria, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kufyonza. Watu hudhani maji hayo yametibiwa. Yametulia tu, vijidudu bado vimo, na kinachoyasafisha ni udongo, ukipewa nafasi. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi huyanywa vizuri kiangazi na kukataa masika, ukiwa umeshiba mvua. Ndipo Machi au Aprili choo kinapogoma, na mwenye nyumba anamlaumu fundi bomba. Suluhisho linalopendwa ni kuchimba shimo la kufyonza refu zaidi, na hapo naona hatari kuu ya habari hii yote. Shimo refu hunywa vizuri kwa sababu limefikia maji ya ardhini, au limekaribia. Tatizo limeondoka nyumbani na kuhamia kwenye chemchemi. Mfereji mpana na mfupi, uliojazwa mawe na kuchimbwa kukatisha mteremko, hufyonza kwa eneo kubwa zaidi na huacha udongo mkavu kati yake na maji ya chini. Unachukua nafasi ya bustani, na ndiyo maana hauna wateja.

London iliwahi kupita hapa. Baada ya maonyesho makubwa ya 1851 vyoo vya kuvuta vilipendwa na wenye nacho, mashimo ya chini ya nyumba zao yakafurika, na majitaka yakasukumwa hadi mto Thames mpaka kiangazi cha 1858, ambapo uvundo ulilikaba Bunge lenyewe na fedha za mtandao wa majitaka zikapatikana haraka. Miaka minne kabla ya hapo daktari John Snow alikuwa ameufuatilia mlipuko wa kipindupindu hadi kwenye pampu moja ya mtaa wa Broad. Walipochimba baadaye walikuta shimo la choo lililooza kuta, lisilofika mita moja kutoka kisimani.

Mkoa wa Kigoma nao una tarehe yake. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walibanana kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya Kagunga, ziwa mbele na mlima nyuma, vyoo havipo na maji ni ya ziwani. Kipindupindu kilishika watu wapatao 3,000 na kuua 31, huku meli, MV Liemba ikiwemo, zikiwasafirisha kwenda mjini Kigoma na kutoka huko kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kambi hiyo, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikazidi watu 150,000. Jambo ambalo wenyeji hulitaja kwa chuki kidogo, na wana haki, ni kwamba viwango vya kambini vimeandikwa na vinapimwa: lita 20 kwa mtu kwa siku, klorini inayobaki bombani ipimwe, choo kihesabiwe kwa idadi ya watu. Kijiji cha jirani hakina anayekipimia klorini kila asubuhi.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za hifadhi kutoka kwenye chanzo cha maji. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inadai choo kwa kila nyumba. Sheria ya maji ya 2019 ilianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoanza kazi Julai mwaka huo na inayosimamia vyombo vya watumia maji vijijini. Kasulu imo pia katika mradi wa miji 28 unaogharimiwa na mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Mradi huo nauombea heri, ila naufanyia hesabu. Familia ya watu sita inayobeba maji huishia ndoo sita au saba kwa siku, lita 120 au 140. Ikipata koki ndani na choo cha kuvuta itatumia lita 360 hadi 480 bila kuona imefuja. Shimo lake la kufyonza lilichimbwa kwa ajili ya familia ya ndoo.

Ushauri unaotolewa kila semina ni mita 30 kati ya shimo la choo na kisima. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 hakina mita 30 ndani yake, hata ukipima kona hadi kona ni 25. Kaya peke yake haiwezi kutii, na afisa afya anayeitoza faini anajua hivyo. Ndiyo maana uamuzi unapaswa kutoka uani kwenda mtaani: penye viwanja vidogo, ama visima vifupi ama mashimo ya choo, visikae vyote viwili. Vyoo havitaondoka. Basi visima vya uani viondolewe kwenye orodha ya maji ya kunywa siku bomba linapofika, vibaki vya kufulia na kufyatulia tofali, na chemchemi zilizoko juu ya makazi zizungushiwe hifadhi kabla kiwanja kingine hakijakatwa juu yake. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuuchora mchoro wake kwenye karatasi moja: chemchemi, visima, mashimo, na mshale wa mteremko. Halmashauri inapopokea ombi la kibali cha ujenzi huuliza nyumba ina vyumba vingapi na bati la rangi gani; iulize pia majitaka yataelekea wapi na nani yuko chini yake, na gari la kunyonya karo linapoingia mtaani, dereva aulizwe anakwenda kumwaga wapi.